Posa Mbili za Kifuko Changu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la kliniki, na kifuko changu kimekaa pembeni yangu, kimeshika kadi yake mwenyewe.

Hakikuwa kikubwa. Kingeweza kuenea kwenye kiganja. Kilikuwa chekundu, kimeumuka kama andazi lililozidi hamira, na kimejifunga kipande cha kanga. Hakikuwa na macho, lakini nilijua kwamba kinanitazama kwa jicho baya.

Ili tuelewane: mimi ni Mwanaheri binti Kombo, mpishi wa shughuli, mkazi wa Makorora, Tanga, umri wangu miaka sitini na mbili. Kama umewahi kula pilau ya harusi mjini kwetu ukaomba uongezwe, huenda uliomba kwangu. Miaka mitatu iliyopita madaktari waliutoa utumbo wangu mpana wote, maana ulikuwa umejaa vidonda na damu haikomi. Wakachukua ncha ya utumbo mwembamba, wakaikunja na kuishona, ikawa kifuko cha kuhifadhia choo mpaka mtu apate nafasi ya kwenda. Kilifanya kazi vizuri. Sasa ni wiki ya pili kimegoma. Naenda chooni mara kumi na nane kwa siku, tumbo linanikata, na jioni homa inapanda.

Jana, nikiwa macho kabisa, Daktari Shemzigwa aliniambia kifuko kimevimba na wadudu wamezidi ndani yake. Akasema dawa za kuanzia ni mbili, metronidazoli na siprofloksasini, na zote zinafaa. Ya kwanza huharibu ladha mdomoni, kila kitu kikawa kama umelamba sarafu. Ya pili, mara chache, hudhuru kano la kisigino, hasa kwa watu wa umri wangu.

"Kalale ufikirie, mama," akasema. "Kesho uje saa tatu uniambie, nikuandikie."

Kufikiria nini? Harusi ya Hadia, mwanangu wa pekee, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wageni mia nne. Dawa ni ya siku kumi na nne, kwa hiyo harusi itanikuta katikati ya dozi. Nimeapa pilau ya mwanangu haipikwi na mkono mwingine, na kwenye sufuria yangu, kwa miaka thelathini na moja, hajawahi kuonja mtu ila mimi. Natia tone la mchuzi kiganjani, nalamba, najua. Mpishi asiye na ladha mdomoni ni mtu anayechemsha maji tu. Nilikuwa nimeshaamua, siprofloksasini. Ndiyo maana daktari aliponiuliza kama visigino vinaniuma, nilimjibu hapana.

Nilidanganya. Cha kulia kinaniuma tangu Ramadhani.

Basi, tuko kwenye benchi.

"Anayefuata!" nesi anaita. "Kifuko cha Mwanaheri."

Kifuko kikasimama. Na mimi nikasimama.

"Wewe ni nani?" nesi akaniuliza.

"Mimi ndiye Mwanaheri mwenyewe."

Akatazama orodha yake. "Hapa umeandikwa msindikizaji. Mbebee viatu vyake."

Kifuko hakikuwa na miguu, lakini viatu vilikuwepo chini ya benchi, vya ngozi, vimepigwa rangi vizuri. Nikavibeba.

Tukaingia kwenye korido ndefu. Kifuko kilikuwa kinatangulia.

"Nina neno," kikasema.

"Sema."

"Mimi nilizaliwa njia. Chakula kikija nakipitisha, naendelea na shughuli zangu. Siku moja naamka nimekunjwa, nimeshonwa, naambiwa kuanzia leo wewe ni ghala. Nani aliniuliza?"

"Hata mimi nilikuwa nimelala," nikajibu.

"Miaka mitatu nimenyamaza. Biriani, pilau, achari ya pilipili. Sijasema kitu. Sasa wapangaji wamejaa, wanapika humo humo, wanachoma kuta, na kodi ni homa."

"Ndiyo tunakwenda kukutafutia dawa."

Kifuko kikasimama na kujiweka kanga sawa. "Usiniambie habari za dawa," kikasema. "Nimeposwa. Mara mbili."

Chumba cha daktari kilikuwa kimetandikwa mkeka. Palikuwa na buli la kahawa, vikombe, na kisahani cha kashata. Kwa desturi yetu wanaume hupokea posa ukumbini, na sisi wanawake husikiliza nyuma ya pazia. Pazia lilikuwepo, ila aliyekaa nyuma yake alikuwa Daktari Shemzigwa. Niliona viatu vyake tu na ncha ya kalamu. Ukumbini nilikuwa mimi.

Mezani palikuwa na faili langu, na juu ya faili lilikuwa limekaa lile neno langu la jana, Hapana. Lina ukubwa wa tende, limekunja miguu, linaepuka kunitazama.

"Hodi!"

Akaingia mzee mrefu mwembamba mwenye kanzu, mshenga wa siprofloksasini. Nyuma yake bwana harusi mwenyewe, kidonge kirefu cheupe, amekunjua mwavuli ndani ya nyumba kwa kuogopa jua la dirishani. Nitamwita Sipro, kwa sababu katika ndoto kila mtu alimwita hivyo.

"Tumeona ua katika nyumba hii," mshenga akaanza, "tumekuja kuliomba."

Kifuko kikajifunika kanga kwa haya. Miaka mitatu tunaishi pamoja na sijawahi kukiona kina haya.

Mshenga wa kwetu kazi yake ni kusifu. Kasoro za bwana harusi utazikuta mwenyewe ndani ya ndoa, na hapo mshenga ameshakula ubwabwa wake. Lakini huko ndotoni sheria ilikuwa nyingine: mshenga analazimika kuisoma kwa sauti ile karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa. Mzee akaitoa kwenye leso. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, akaikunjua mpaka ikatoka mlangoni na kushuka koridoni.

"Mwanetu ni mchapakazi," akasoma. "Mara mbili kwa siku, siku kumi na nne. Wadudu wa vifuko anawajua kwa majina. Ulimi hagusi."

"Mmepewa," nikasema.

"Bado sijamaliza, mama. Tumbo huweza kuchafuka. Jua kali halimpendezi. Na hakai chumba kimoja na maziwa."

Ndipo nikamwona ng'ombe amesimama mlangoni, amevaa saa ya mkononi.

"Apite masaa mawili kabla yangu, au masaa sita baada yangu," ng'ombe akasema. "Nikimkuta ndani kati ya hapo namshika, na hafiki anakokwenda."

"Mna ugomvi?" nikamuuliza.

"Hatuna ugomvi hata kidogo. Tukikutana tunakumbatiana, hatuachani. Ndilo tatizo lenyewe."

Sipro akainamisha mwavuli kwa aibu.

"Na mahari?" daktari akauliza nyuma ya pazia. Kisha akanieleza mimi: "Kwa dawa, mama, anayetoa mahari ni mgonjwa."

Mshenga akakohoa. "Wengi hatuwachukulii kitu. Tunaomba tu mtuwekee kano la kisigino mahali ambapo mwanetu akipita atalifikia."

"Atalifanya nini?"

"Pengine hatalifanya kitu."

"Na pengine?"

Akatafuta kwenye karatasi, akafuata maandishi mpaka koridoni, akarudi. "Pengine litakatika."

"Visigino vyangu ni vizima," nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Pale juu ya faili, Hapana likaitikia kwa kichwa.

Kabla daktari hajasema neno, mlango ukasukumwa. Akaingia Rangi Mbili, yule kidonge wa nusu nyekundu na nusu nyeusi ambaye kila nyumba inamjua. Hakuwa na mshenga. Hakubisha hodi. Alikuwa anatafuna kashata.

"Mnajisumbua nini?" akasema. "Huyu mimi nilishakuwa naye Jumanne."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hata ng'ombe aliacha kutazama saa.

"Ni kweli, mama?" daktari akauliza.

"Jirani alinipa," nikasema. "Vidonge viwili tu, vilibaki kwenye kopo lake. Nilikuwa na hali mbaya."

"Vilisaidia?"

"Hapana."

Neno hili la pili lilitoka mdomoni likaenda kukaa mezani, lakini limekaa wima na kututazama sote usoni. Lile la jana likasogea pembeni kumpisha mwenzake.

"Viwili tu," daktari akasema, "ndivyo vinavyowafundisha wadudu ujanja." Nikasikia kalamu yake ikiandika. Rangi Mbili akaombwa atoke, akatoka na kashata nyingine.

Posa ya pili ikaingia. Mshenga wake alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira, na bwana harusi wake alikuwa metronidazoli: mfupi, mviringo, mwenye harufu ya mfuko wa shati uliowekwa chenji. Huyu walimwita Metro.

"Mwanetu mara tatu kwa siku, siku kumi na nne," mwanamke akasoma, karatasi yake ikitokea dirishani. "Wadudu wanaoishi mahali pasipo hewa humkimbia wakisikia jina lake. Kichefuchefu anacho, hatufichi. Na pombe hawapatani kabisa, wakikutana nyumba nzima itatapika."

"Hapa hapanywewi pombe."

"Akikaa muda mrefu kupita kiasi, miguu huweza kufa ganzi. Kwa hiyo zikitimia siku zake tunakuja kumchukua wenyewe. Na mahari yetu ni moja." Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. "Ladha."

"Ulimi wangu?"

"Ulimi utabaki nao. Maneno yako yote utabaki nayo, na matusi pia. Tunachukua ladha tu. Si kwa kila mgonjwa, lakini kwako wewe tutachukua."

"Nashukuru kwa kufika kwenu," nikamwambia. "Kunyweni kahawa mwende. Mchumba ni Sipro."

"Mimi sijaulizwa," kifuko kikasema.

"Na huulizwi. Nina harusi ya mwanangu."

Daktari akakohoa nyuma ya pazia. "Basi tukalikague hilo kano, tumalize."

Akalivuta pazia, na nyuma yake hapakuwa na daktari wala ukuta. Palikuwa na uwanja wangu wa kupikia, mchana, moto umewashwa, na sufuria kubwa ya kilo sitini imeinjikwa juu ya mafiga. Wageni mia nne walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, migongo imetuelekea, wananusa.

Mwantumu alikuwa anakata vitunguu. Mwantumu ni msaidizi wangu. Kwa miaka kumi na tisa amenikatia vitunguu, na kila shughuli, mchuzi ukikolea, huniuliza, "Bi Mwanaheri, nionje?" Nami humjibu, "Bado." Katika ndoto alikuwa analia kwa vitunguu vya miaka yote kumi na tisa kwa pamoja. Machozi yalikuwa yameshajaza ndoo mbili na alikuwa ameanza ya tatu, bila kulalamika.

"Habari za siku nyingi," ikasema sauti ya chini.

Nikainama. Kilikuwa kisigino changu cha kulia.

"Nzuri," nikasema. "Tuko kazini."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuleta." Kisigino kilikuwa na sauti ya mtu aliyestaafu bila kuagwa. "Nasikia jana ulimwambia daktari mimi sisumbui."

Nikatazama kano langu, na lilikuwa nje ya ngozi, kamba ya katani kutoka kisiginoni mpaka nyama ya mguu, kama zile zilizokuwa zikisokotwa mjini kwetu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kamba ya katani iliyochoka naijua kwa macho. Hii ilikuwa imechakaa mpaka inaota manyoya.

"Tulikuwa nyuzi sitini," kisigino kikasema. "Tumebaki tatu."

Sipro akapita karibu, mwavuli mkononi. Hakugusa kitu. Uzi mmoja ukakatika wenyewe, tap, kama kifungo kinapotoka kwenye shati.

"Samahani," Sipro akasema. "Sikukusudia."

"Zimebaki mbili," kisigino kikasema.

"Zinatosha," nikajibu.

"Mimi nataka kwenda," kifuko kikasema wakati huohuo, na kifuko kikisema hivyo hakuna mjadala.

Choo kiko kwenye ghorofa ya tisa ya kliniki. Ngazi zinaanzia pale pale kwenye mafiga. Nakimbia. Nimebeba kifuko mkono mmoja na viatu vyake mkono mwingine, na mbele yangu lile Hapana la jana linapanda ngazi mbili mbili, linanifungulia milango, linasema "Hana tatizo, hana tatizo" kwa kila mtu tunayempita. Ghorofa ya nne. Ya sita. Kila hatua kisigino kinanyamaza zaidi. Ghorofa ya nane nasikia tap.

Sikuzungumzia jambo hilo. Nikamaliza haja zangu, nikafungua mlango wa choo, nikatokea uwanjani kwangu tena.

Mchuzi ulikuwa umechemka. Ilikuwa saa ya kuonja kabla ya kutia mchele, na ukikosea hapo umekosea watu mia nne. Nikanyoosha mkono kuchota. Mguu wa kulia ukayumba, na uzi wa mwisho ukalia kama mlango mkavu.

"Ukikatika huu," kisigino kikasema, "utapika kwa kukaa. Sufuria ya kilo sitini haipikwi kwa kukaa."

"Nisimamie hii moja tu," nikakiomba. "Ya Hadia. Baada ya hapo fanya utakavyo."

"Tazama barabarani."

Nikatazama. Barabara yote ya kuelekea Pongwe ilikuwa imepangwa sufuria, moja nyuma ya nyingine, zimefunikwa, hazina moto. Sikuziona mwisho wake.

"Za nani zile?"

"Zako. Ndizo zilizobaki. Harusi za watu ambao hawajazaliwa bado, na arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wako mmojawapo. Zinakusubiri usimame."

Niliogopa. Sitaki kusema uongo tena, niliogopa kuliko siku niliyolazwa kwenye kitanda cha kupasuliwa, maana siku ile walinichukulia kitu kibovu, na hizi sufuria zilikuwa nzima. Nikamtazama Metro, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake cha kahawa, hajaondoka.

"Wewe," nikamwita mshenga wake. "Hiyo ladha mnairudisha?"

"Siku kumi na nne, na siku chache za kuisafisha. Inarudi."

Nikamgeukia mshenga wa Sipro. "Na nyie kano mkikata, mnarudisha?"

Mzee akakunja karatasi yake taratibu, akaitia kwenye leso. "Mama," akasema, "nikikwambia ndiyo, nitakuwa mshenga wa kawaida."

Mimi si mtu wa kubembelezwa. Nikishaamua nimeamua, na sasa nilikuwa nimeamua upya. Nikalishika lile Hapana la jana kwa ukosi. Likajaribu kukimbilia chini ya mafiga, nikalivuta, nikalitia mdomoni, nikalitafuna. Lilikuwa gumu na lina miba. Nikalimeza lote.

"Daktari!" nikaita. Akatokea ndani ya moshi, koti jeupe, kalamu mkononi. "Kisigino cha kulia kinaniuma tangu Ramadhani. Asubuhi nachechemea mpaka nipate moto. Andika."

Akaandika. "Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilitaka kuonja pilau ya mwanangu."

Hakunicheka. Aliandika na hilo pia.

Sipro akafunga mwavuli, akakipa mkono kifuko. "Hamna neno," akasema kiungwana. "Huyu akishindwa, daktari ananijua ninapokaa. Lakini nikiitwa, mnisomee habari za kisigino kwanza." Akaondoka kwa kutembea kwenye kivuli, na ng'ombe akamsubiri apite, akitazama saa.

Tukafunga mkataba na Metro hapo hapo, juu ya kinu kilichogeuzwa. Vidonge arobaini na viwili vikaja vikakaa kwa mstari kwenye mkeka, kila kimoja na namba yake. Cha kwanza kilikuwa kinachekacheka. Cha arobaini na mbili kilikuwa kizee, kimekunja uso.

"Mimi siamini ahadi," kikasema. "Sisi wa mwisho hatumezwi. Mtu siku ya tano akipata nafuu anasema nimepona, na sisi tunatiwa kwenye kopo la biskuti kumsubiri jirani mwenye kikohozi."

Kopo hilo ninalo. Liko juu ya kabati.

"Nitakumeza," nikasema.

"Sema wallahi."

"Wallahi, siku ya kumi na nne, usiku, na maji glasi nzima."

Kikalegeza uso kidogo.

"Sasa mahari," mshenga akasema. "Ila kuna jambo. Ladha ya mpishi wa miaka thelathini na moja sisi hatuwezi kukaa nayo. Kwetu itashika kutu. Inabidi uiweke amana kwa mtu."

"Nipe mimi," kifuko kikasema.

"Wewe una wapangaji."

Ng'ombe akajitolea pia. Nikamshukuru, nikamwambia yeye atatia kila kitu maziwa.

Nikatazama wageni mia nne, na migongo yao yote ilikuwa haifai. Nikamtazama Mwantumu. Alikuwa ameacha kukata. Ndoo ya tatu ilikuwa imejaa. Hakuniuliza kitu safari hii, nadhani alikuwa amechoka kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kisigino. Miaka kumi na tisa! Mtoto huzaliwa, akakua, akaota ndevu, na mimi bado namwambia bado.

"Mwantumu," nikasema. "Njoo. Fungua mdomo."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akafungua mdomo. Nikatoa ladha yangu. Haikuwa na umbo, ilikuwa na uzito tu, kama sufuria ndogo. Ilinitoka kwa uchungu, sifichi. Nikamtilia mdomoni polepole, nikamwona anafumba macho, na machozi yake yakakatika palepale.

"Bi Mwanaheri," akasema, "kumbe ndivyo—"

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mwadhini alikuwa ameshamaliza. Kabla sijapata akili vizuri nilikuwa nimeshakwenda chooni mara mbili, nikichechemea kwenda na kurudi, na mara ya pili nilimkuta baba Hadia amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Tangu nianze kuumwa ananichemshia mwenyewe. Ni mtu mwema, ingawa hajui kupika.

Nikanywa funda moja.

"Umesahau sukari," nikamwambia.

"Vijiko vitatu, mama Hadia. Kama siku zote."

"Hakuna sukari humu. Wala tangawizi."

Akachukua kikombe, akaonja, akakunja uso kwa utamu. "Inakera hii kwa sukari. Hebu onja tena."

Nikaonja tena. Maji ya moto, na nyuma yake ladha ya sarafu.

Nikaketi kitandani. Dawa bado sijaandikiwa. Maduka ya dawa bado hayajafunguliwa. Sijameza chochote tangu Jumanne ila uji, maji na chai.

"Niletee malapa ya wazi," nikamwambia mume wangu. "Saa tatu tunakwenda wote kwa daktari. Kuna habari za kisigino sikumwambia." Yeye akashangaa, kwa sababu hata yeye sikumwambia. Nikamwacha ashangae, nikachukua simu.

Mwantumu huuza sambusa asubuhi, kwa hiyo huamka kabla ya jua. Akapokea mlio wa kwanza tu. Nilikuwa nasikia kisu chake kinagonga ubao.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Umeamkaje?"

Kisu kikasimama. "Hata sijui nikwambieje, bi. Nimeamka na mdomo wa ajabu. Nimeonja nyama ya sambusa, nikajua bizari niliyouziwa imechanganywa na ya mwaka jana. Nikanywa maji, nikajua mtungi ulioshwa kwa sabuni gani. Naogopa hata kula. Sijui nimeingiwa na nini."

Nilikuwa na wivu, niseme ukweli, na machozi yalikuwa karibu, na vyote viwili nikavimeza.

"Jumamosi ya harusi ya Hadia hukati vitunguu," nikamwambia. "Tafuta mtu wa kukata. Wewe utasimama na mimi sufuriani. Mimi nitapika, wewe utaonja."

Nikasikia kisu kikilazwa mezani.

"Mimi, bi?"

"Wewe. Na kuanzia sasa mpaka siku hiyo usile pilipili, usinywe chai ikiwa ya moto, na usitafune karafuu. Utunze huo mdomo, Mwantumu," nikamwambia. "Si wako."